Ukurasa wa Pili Una Kivuli

Kuna uchovu wa jembe, huo ukilala unaisha. Kuna uchovu wa homa, huo ukipona unaisha. Na kuna uchovu wa barabara. Huo ukilala unalala nao, na ukiamka unakuta umekutangulia kuamka, umekaa kwenye ukingo wa kitanda unakungoja. Huo wa tatu ndio uliokuwa umemshika Sindano asubuhi ile, alipofumbua macho na kukuta dari la kichwa cha lori liko pale pale, shubiri moja juu ya pua yake.

Hebu kwanza nikutegee. Nyumba yangu hulala huku ikaamka kule, haina ua wala jirani, na mwenye nyumba akisinzia tumekwisha. Umeshindwa? Nipe mji. Haya, nimeupokea: nyumba hiyo ni lori.

Lori lenyewe halikuwa la mumewe, lilikuwa la tajiri. La mumewe lilikuwa usukani, na lile godoro jembamba nyuma ya viti. Madereva wenzake walimwita Mwendopole, maana tangu aanze kazi hajawahi kupindua gari, na hajawahi kuwahi mahali. Mkewe wakamwita Sindano: mwembamba, kanyooka, na akichoma anachoma. Alikuwa fundi cherehani kabla hajaolewa, tena si fundi tu, alikuwa anafundisha wengine. Mwendopole alipomposa hakuwa na chumba cha kumweka. Alimwambia, "Nina kiti kimoja kitupu." Sindano akapanda. Tangu siku hiyo amekuwa mke na utingo kwa mpigo: ndiye anayeweka jiwe nyuma ya tairi, ndiye anayekaza turubai, ndiye anayesimama nyuma kupiga kelele "Njoo, njoo, simama!" gari likirudi kinyumenyume.

"Umeamka?" Mwendopole aliuliza, uso ukiwa kwenye kioo cha mbele.

"Mwili umeamka. Mimi bado."

"Basi uambie mwili uvae viatu. Nimeona bango pale mbele ya kituo cha mafuta. Kuchapa, kuskani, kopi, picha za pasipoti, vyote."

"Na jana uliona bango gani?"

"La jana lilikuwa la kweli. Umeme ndio ulikuwa wa uongo."

Sindano alitaka kucheka, kicheko kikakwama njiani. Kwenye simu yake kulikuwa na mkataba wa kazi, umeletwa na chuo cha ufundi kilichomtaka akafundishe ushonaji. Walikuwa wameandika kwa ukali wa watu wa ofisini: chapa mkataba, weka sahihi kwa wino kila ukurasa, skani, tuma katika faili moja, kabla ofisi haijafungwa leo. Asipotuma, nafasi inakwenda kwa mwingine. Katika mji wa kwanza mashine ilikuwa na wino wa kubahatisha, ikautoa mkataba wote ukiwa wa rangi ya waridi na michirizi katikati. "Tulisema uchape," Mwendopole alimwambia mwenye duka, "hatukusema uucharaze viboko." Katika mji wa pili ndiko umeme ulikokatika, karatasi ikabaki nusu ndani nusu nje, kama ulimi wa mtoto anayekukejeli.

Na mahali pote hapo Mwendopole ndiye aliyeshuka, ndiye aliyeuliza, ndiye aliyezunguka. Mwanamume ambaye hata kuvua soksi huvua kwa mashauriano, jana alikuwa anavuka barabara mbio akitafuta printa. Sindano alimtazama akikimbia, na moyo ukamuuma mahali asipopajua.

Maana walikuwa hawajalizungumza jambo lenyewe. Mkataba ukitumwa, leo hii lori likifika njia panda Sindano atashuka na begi lake, na Mwendopole ataendelea na mzigo wake wa vigae, peke yake, na kile kiti kitakuwa kitupu tena. Hilo walilijua wote wawili. Lakini Mwendopole hakusema "usiende," na Sindano hakusema "nizuie." Lilikuwa neno moja tu alilolingoja. Neno hilo halikuja. Zilikuja habari za printa.

Dukani walimkuta mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuinua hata kichwa.

"Karibuni. Kuchapa au kutoa kivuli?"

Nanyi mnalijua neno hilo la madukani. Ukipeleka cheti chako ukatolewa kopi, ile kopi ndiyo kivuli, na cheti chenyewe ndicho halisi. Sindano alilikuta neno hilo tangu siku alipoomba chuo kwa mara ya kwanza, akakua nalo.

"Kuchapa, dada. Kurasa tano."

"Nitumie kwenye namba ile ukutani. Halafu mniombee, mashine yangu hii ina maringo. Karatasi haitaki kuwekewa kwa fungu, inataka kulishwa moja moja kama mgonjwa."

"Nitailisha mimi," Mwendopole alisema, akazunguka meza kabla hajaruhusiwa.

"Huyu kaka yako ana moyo," mama akamwambia Sindano.

"Si kaka yangu. Ni mume wangu."

"Basi mumeo ana moyo zaidi."

Mashine ikanguruma. Ukurasa wa kwanza ukatoka safi. Wa pili ukaingia, ukakohoa, ukakwama. Yule mama akaifungua tumbo, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko.

"Toka wewe! Kila siku wa pili, kila siku wa pili. Wa kwanza unapita kama bwana harusi, wa pili unasimama mlangoni kama wifi!" Akauvuta, akauviringisha, akautupa. "Mlishe tena, shemeji. Polepole."

"Hilo la polepole analiweza," Sindano akasema.

Mwendopole alimtazama. Mtazamo wenyewe haukudumu, lakini ulikuwa na kitu ndani yake, kama mtu anayeita kutoka mbali na upepo unamnyang'anya sauti. Kisha akainama, akairudia kazi yake ya kulisha.

Mama alizipanga karatasi, akazisoma kwa jicho la pembeni, kama wasomavyo wote wa kazi hiyo.

"Heee, mkataba wa kazi! Hongera, mwalimu. Na shemeji naye anahamia huko?"

Feni ikapeperusha pembe ya karatasi.

"Mimi nina mzigo wa vigae," Mwendopole akajibu.

"Sikuuliza mzigo, shemeji. Nimekuuliza wewe."

Mwendopole akaweka kidole kwenye pembe ya karatasi ili feni isiipeperushe, akamsogezea mkewe kalamu. Sindano akatia sahihi ukurasa wa kwanza. Kwenye wa pili mkono ukamtetemeka. Wa tatu, wa nne, wa tano, kila mmoja na mtetemeko wake.

"Mwalimu, niwie radhi," mama akasema, amesogeza miwani. "Sahihi hii si sahihi. Ya hapa imelala, ya hapa imepanda mlima. Watasema mmesaini watu wawili."

"Kalamu inateleza."

"Kalamu? Mimi nauza kalamu hizi, nazijua. Kalamu haina kosa." Halafu akamhurumia. "Ah, waache. Mwenye sahihi ni wewe, sio wao. Ila kuskani nenda kaskani kwa simu, kwa programu. Skana yangu ilishaaga dunia. Kila kitu inakitoa cheusi tititi."

Walirudi kwenye lori. Jua lilikuwa la mchana, linapiga kutoka nyuma ya mabega. Mwendopole akafuta kifuniko cha sanduku la vifaa kwa kitambaa, akatandaza ukurasa wa kwanza, akauwekea spana pembe hii na nati pembe ile.

"Lete simu. Mkono wako leo hauko sawa."

"Na wako uko sawa?"

"Mkono wa dereva hautikisiki."

Kabla hajampa, simu ikaita. Alikuwa mama yake Sindano. Simu walikuwa nazo mbili, kwa hiyo Mwendopole akaitoa yake, akasema atazipiga picha hizo karatasi kwa simu yake kisha amrushie. Sindano akazunguka upande wa pili wa lori, akaegemea tairi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetuma?"

"Bado. Tunaskani."

"Mnaskani nini tangu jana? Ni karatasi tano au ni mwembe mzima?"

"Mama, tuko barabarani. Kwenye printa hakuna umeme, kwenye umeme hakuna wino."

"Ndilo ninalokuambia siku zote. Mtu mzima kuchapa karatasi tano mpaka uvuke miji! Ukitaka kuoga unaomba kituo cha mafuta. Ukitaka choo mpaka ununue soda usiyokuwa na kiu nayo. Mimi nilikuzaa ukae ndani ya nyumba, mwanangu, sikukuzaa ukae ndani ya gia."

"Usianze, mama."

"Simchukii mumeo. Nimchukie wapi? Sijawahi kumkuta mahali."

Sindano aliuma mdomo asicheke, maana kichekesho hicho kilikuwa na mwiba. "Usimwonee. Tangu jana anahangaika yeye. Printa katafuta yeye, karatasi kalisha yeye. Sasa hivi anaskani."

Sauti ya mama yake ikashuka.

"Anakusaidia kuondoka?"

"Ndiyo."

"Kwa moyo mmoja?"

"Ndiyo, mama. Kwani vipi?"

"Hakuna. Nataka uende, mwanangu, na nimefurahi. Lakini mwanamume akikufungulia mlango bila hata kukuuliza unarudi lini, na wewe jiulize."

Simu ilikatika. Sindano akabaki ameegemea lile tairi la moto, maneno ya mama yake yakimzunguka kichwani kama nzi. Aliporudi upande ule mwingine, karatasi zilikuwa zimekwisha kukunjwa, zimeingizwa kwenye bahasha, na Mwendopole anajifunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

"Nimekurushia. Zote tano, faili moja."

"Macho yamefanya nini? Mekundu."

"Jasho. Na vumbi la vigae."

Hakuhoji. Alikuwa amechoka kuhoji. Hakuifungua hata hiyo faili, akaituma kama ilivyo kwenye anwani ya chuo. Akapanda, akakaa kwenye kiti chake. Lori likaondoka.

Zamani, kwenye barabara ndefu kama ile, walikuwa wanategeana vitendawili ili usingizi usimchukue dereva, na aliyeshindwa anatoa mji. Wakipewa mji na wao wanachagua: nipe ule wenye paka kwenye kituo cha mafuta, nipe ule tulionyeshewa mvua tukacheka. Sindano alikuwa tajiri wa miji. Sasa kila mmoja ametazama kioo cha upande wake.

Njia panda walifika jua limeanza kuinama. Barabara ya kulia ilikwenda na mzigo. Ya kushoto ilikwenda chuoni, lakini mbali, mwendo wa saa mbili nzima kwa basi. Mwendopole akaegesha pembeni, nyuma ya malori mengine. Ndipo simu ya Sindano ikatetema.

Aliusoma ujumbe kwa sauti, na sauti ikaanza kumpanda katikati. "'Mkataba umefika. Ukurasa wa pili una kivuli. Tafadhali tuma tena usio na kivuli kabla hatujafunga.'"

"Kivuli?"

"Kivuli! Wanasema nimewatumia kopi! Nimesaini kwa wino, kwa mkono wangu, mbele ya macho yako, halafu wanasema ni kivuli. Si unaona? Ni ile sahihi iliyotetemeka. Wamedhani nimetoa kopi mahali nikabandika."

"Wapigie."

Akapiga. Ikaita, ikaita, haikupokewa. Akapiga tena.

"Wanataka halisi," Mwendopole akasema taratibu.

"Halisi nitawafikishia vipi? Nina mbawa?"

Mwendopole alitazama saa ya dashibodi, akatazama barabara ya kushoto. Kisha akawasha injini, akawasha na taa ya kukata kushoto, ikaanza kulia tik, tik, tik.

"Unafanya nini?"

"Nageuza. Nikikaza, na wale wa ofisini wakichelewa kidogo kufunga, utawakuta."

"Na vigae?"

"Vigae haviozi."

"Tajiri atakufukuza kazi!"

"Atatafuta dereva mwingine. Funga mkanda."

"Zima gari."

"Fundi, muda unakwen..."

"Zima gari, nimesema!"

Akazima. Taa ya kushoto ikabaki inalia peke yake, hakuna aliyeikumbuka.

"Tangu umenioa," Sindano akasema, na alipoanza alijua hataweza kuacha, "baiskeli zinatupita. Mikokoteni inatupita. Umekwenda kumzika mjomba wako ukakuta watu wanakunja mikeka. Leo kunipeleka mimi ndiyo unakaza? Kunishusha mimi ndiyo una haraka?"

"Si hivyo."

"Ni vipi? Jana umezunguka mji mzima kwenye jua. Leo umemrukia yule mama meza. Mwanamume anayetaka mkewe abaki angejifanya hata gari limeharibika! Ungepasua tairi! Ungesema printa hakuna, nani angekuuliza?"

"Ulitaka nikuharibie kazi yako?"

"Nilitaka uniulize!"

"Nikuulize nini?" Na hapo Mwendopole, ambaye hakuwahi kupandisha sauti hata kwa ng'ombe barabarani, akaipandisha. "Nikuulize nini, Fundi, na mimi nakusikia usiku unavyojigeuza kule nyuma? Mgongo unakuuma, unauma shuka nisisikie. Nasikia! Nilikutoa kwenye cherehani, una wanafunzi wanakuita mwalimu. Nimekupa nini? Jiwe la kuweka nyuma ya tairi. Kisha nikutazame usoni nikuulize, mke wangu waonaje, tuendelee hivi hivi? Mdomo huo nitautoa wapi?"

"Basi umenichoka, unasingizia mgongo wangu."

"Ndivyo unavyoona?"

"Ndivyo ninavyoona."

"Haya."

Ugomvi wa chumbani una bahati yake, mmoja hutoka nje akabamiza mlango, hasira ikapata pa kwenda. Ugomvi wa kwenye lori hauna. Mnabaki hapo hapo, magoti yanakaribia kugusana, mnapumua hewa moja.

Sindano akaifungua ile faili, si kwa kutaka kuona, ila mikono ilitaka shughuli. Akataka aone hicho walichokiita kopi. Ukurasa wa kwanza: mweupe, safi. Akasukuma kwa kidole. Ukurasa wa pili ukaja.

Akausogeza karibu na macho. Akaukuza.

Juu ya maandishi, kutoka kona ya chini hadi katikati, palikuwa na weusi. Si wino. Weusi wa kichwa cha mtu, mviringo, na ukingo wa kofia, na bega. Akatazama wa tatu: safi. Wa nne, wa tano: safi.

"Oh," akasema.

"Nini tena?"

"Hawakusema kopi." Kicheko kikamtoka kidogo, kicheko kibovu cha mtu aliyechoka. "Wamesema kivuli. Kivuli cha kweli, cha jua! Tumekaa kwenye maduka ya kopi mpaka tumesahau kwamba hata mtu ana kivuli. Umesimama kati ya jua na karatasi, wewe mwanamume. Umejipiga picha."

Mwendopole akaegemea usukani, naye bega likamtikisika. "Nilitaka kugeuza lori zima."

"Kwa ajili ya kofia yako."

Walicheka kidogo, na kile kicheko kingeweza kuishia hapo. Lakini Sindano alikuwa fundi. Jicho la fundi likishaona nguo, linaona na mshono. Akakirudia kile kivuli, akakipima. Hiki hapa kichwa. Hili bega. Na huu hapa mkono umepandishwa, kiwiko kimechomoza pembeni, na kigasha, kuanzia kiwiko hadi kiganja, kimelala juu ya macho.

"Mkono mmoja ulishika simu," akasema polepole. "Wa pili ulikuwa wapi?"

Mwendopole akapangusa usukani kwa kiganja.

"Wa pili ulikuwa wapi, mume wangu?"

"Nimekuambia. Jasho."

"Jasho hufutwa kwa kidole. Hakuna mtu anayefuta jasho kwa mkono mzima akabaki amesimama hivyo mpaka simu inapiga picha."

Mwendopole aliizima ile taa ya kushoto. Tik, tik ikakoma.

"Niliusoma," akasema. "Wa kwanza nilijizuia. Wa pili nikausoma. Pameandikwa, mwajiriwa atakaa katika nyumba ya chuo. Nikajiambia, haya, mwajiriwa ndiye mke wangu. Atakaa. Neno hilo tu, atakaa. Tangu nimekuoa hujawahi kukaa mahali. Nikaona umekaa, kwenye kiti, mbele ya cherehani, dirisha liko wazi, na gari linapita nje, na wewe hata hugeuki kutazama ni la nani." Akafuta uso, safari hii kwa kidole. "Basi. Ndiyo jasho lenyewe."

Sindano aliziangalia zile kucha zenye grisi, zile alizozijua kuliko zake. Uchovu wake ulikuwa bado pale, haukwenda popote. Lakini kitu kilichokuwa kimekaa juu ya uchovu huo kilikuwa kimeshuka.

"Sema," akasema.

"Niseme nini?"

"Unajua."

"Nikisema utabaki, na mimi sitaki ubaki kwa kunihurumia."

"Nani kakuambia nitabaki? Wewe sema. Mara moja tu, nisikie kwa masikio yangu. Mwaka mzima nakaza turubai lako, hunilipi. Nilipe hilo."

Akamgeukia. Na macho yale ambayo tangu jana yalikuwa yanatafuta mabango tu, yakatulia usoni kwake, yakakaa.

"Usiende," Mwendopole akasema. "Baki na mimi. Nakuomba."

Sindano akalia. Hakulia kwa sauti. Alilia kama mtu anayetua mzigo, kwanza mabega, kisha mikono, kisha machozi. Akamshika shingo, akaweka paji la uso kwenye paji la uso wake, na kofia ikaanguka kwenye gia.

"Asante," akamnong'oneza. "Nitakwenda."

Mwendopole alijitoa, akamtazama kama mtu aliyetegewa kitendawili asijue jibu. "Sasa umenisemesha ya nini?"

"Kwenda bila kuombwa ubaki ni kufukuzwa. Nilikuwa nafukuzwa, tangu jana, printa kwa printa. Sasa sifukuzwi. Sasa naondoka kwa miguu yangu, na mume wangu analia. Ni vitu viwili tofauti."

"Kwangu vinauma vilevile."

"Na kwangu vinauma. Lakini nimechoka, baba. Nimechoka mpaka nikiota naota nimesimama. Nataka ukuta wa kuegemea, ukuta usiotingishika. Siutaki peke yangu. Nataka niutangulie, nawe uje uuegemee upande wa pili."

"Na mimi kazi yangu ni hii, Fundi. Sijui nyingine."

"Nani kasema uiache? Kuna malori yanayorudi nyumbani. Wewe ulikuwa huna pa kurudi, ndiyo maana ukachukua safari za kwenda tu."

Mwendopole alilipeleka neno hilo ndani, akaligeuza, akalitazama chini yake. Kisha akafungua mlango, akashuka, akaja upande wake akamshika mkono ashuke.

Safari hii karatasi waliitandaza upande wa lori usio na jua, ambako kivuli cha bodi kilikuwa kimetanda chini kote. Kivuli ni kitu cha ajabu. Kikikuangukia kipande, kila mtu anakiona. Ukiingia ndani yake wote wawili, hakionekani tena. Mwendopole akashika pembe mbili za chini, Sindano akashika simu, na mkono haukumtetemeka. Ukurasa ukatoka mweupe, na ile sahihi iliyopanda mlima ikiwa peke yake pale chini. Akaiunganisha faili, akaituma.

Mwendopole akachukua nyundo, akaanza kugonga matairi, moja baada ya jingine, kama afanyavyo kabla ya safari. Sindano akatoa begi lake nyuma ya viti. Lilikuwa jepesi. Barabarani mtu hakusanyi vitu.

Simu ikaita. Ilikuwa sauti ya mwanamke, naye sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa kwenye kiti kigumu tangu asubuhi.

"Mwalimu? Samahani, nilikuta simu zako, nilikuwa kwenye kikao. Sasa ni safi. Nimeupokea."

"Nashukuru sana, mama."

"Usiniite mama, mimi na wewe huenda ni rika. Kabla sijafunga, kuna jambo la nyumba. Nikuandikie ya mtu mmoja au ya familia?"

"Zina tofauti gani?"

"Ya mtu mmoja iko tayari, hata leo unalala. Ya familia inapakwa rangi, utavumilia kelele za mafundi. Na hatuitoi kwa maneno, tunawaandikia watu wanaoishi humo kweli."

"Niandikie ya familia."

"Sawa. Uko na nani?"

"Na mume wangu."

"Jina lake nitaliandika ukifika. Kwa sasa anaishi wapi?"

Sindano akageuka. Nyundo ilikuwa imenyamaza. Mwendopole alikuwa amechutama kwenye tairi la mwisho, ameipa simu mgongo, lakini sikio lote liko huku.

"Njiani," akasema.

"Njiani wapi, mwalimu? Lazima nijaze."

"Wewe jaza hivyo hivyo, dada. Andika yuko njiani, anakuja."